Kipande cha Mama Kabula

Mama Leokadia alipofariki, watoto wake waliniomba niseme maneno machache kwa niaba ya wale tuliofanya naye kazi. Nilisimama chini ya turubai nyumbani kwake Kiseke, nikasema kwamba marehemu alikuwa fundi; kwamba mikono yake iliweza kukata kipande cha nyama ya mwili kikawa chembamba kuliko utando wa kitunguu; kwamba wataalamu wengi wa maabara wa Kanda ya Ziwa wamepita mikononi mwake, mimi nikiwemo. Watu wakaitikia kwa vichwa, nikarudi kukaa. Mama mmoja karibu yangu akaninong'oneza kwamba nimeongea vizuri. Nikamshukuru, lakini nilijua nimesema yale ambayo hata mtu asiyemjua angeyasoma kwenye karatasi ya wasifu. Jambo kubwa alilonitendea sikulisema. Ili niliseme ningelazimika kwanza kusema nililolitenda mimi, na pale msibani, mbele ya paroko na wajukuu, ulimi haukupata nguvu. Nimekaa nalo wiki tatu sasa. Naona afadhali niliandike.

Mwaka niliokutana naye nilikuwa na miaka ishirini na minne na stashahada ya maabara niliyoipata juzijuzi. Nilipanga chumba Mirongo, karibu na mto ule unaopita katikati ya mji wa Mwanza kuelekea ziwani, chumba chenye dirisha moja lililotazamana na ukuta wa nyumba nyingine. Jirani yangu alikuwa fundi cherehani, Mjita, aliyeishi na mkewe, na ukuta kati yetu haukufika darini. Kwa hiyo nilikula chakula changu cha jioni pamoja na mazungumzo yao, wao bila kujua. Jioni moja, nikiwa na ugali wangu na dagaa wa kukaanga, nikamsikia mke akisema, "Huyu binti wa Bukoba, unajua anafanya kazi gani kule hospitali? Anakata watu nyama." Mume akauliza, "Maiti?" "Wazima. Unaingizwa mpira mdomoni, wanachomoa nyama, wanakwenda kuifunga kwenye nta." Cherehani ikaenda kidogo, ikasimama. "Wanaifanyia nini?" aliuliza mume. "Nani anajua. Hurudishiwi." Nilitafuna polepole wasitambue kwamba nipo. Mwanamke yule hakuwa amesema uongo hata kidogo. Nimehudhuria semina nyingi za maadili ya utafiti tangu siku ile, nyingine nimezifundisha mwenyewe, na bado naona swali la fundi cherehani ndilo la kwanza ambalo mgonjwa anastahili kujibiwa. Lakini wakati ule nilicheka moyoni, nikaona ni ushamba.

Maabara yetu ilikuwa chumba kirefu upande wa chini wa jengo la zamani, mahali ambapo kilima cha mawe kilichongwa ili jengo lipate kukaa. Ukuta wa nyuma ulikuwa jiwe lenyewe, limepakwa chokaa, na wakati wa masika lilitoa jasho. Chumba kilinuka fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, na nta ya moto. Asubuhi ya kwanza Mama Leokadia alinisimamisha mbele ya mashine ya kukatia, akanionyesha kibonge cha nta chenye kipande cha nyama kisichozidi punje ya mchele, akaanza kuzungusha gurudumu. Utepe mwembamba wa nta ukatoka kwenye wembe, akauinua kwa brashi, akaulaza juu ya maji ya uvuguvugu ukajinyoosha, kisha akauokota kwa kioo. "Ukiwa na haraka, unachanika," alisema. "Ukiwa na hasira, unachanika. Ukiwaza mchumba, unachanika." Nilichana tepe kwa mwezi mzima. Hakunigombeza. Kila nilipoharibu alikisogeza kibonge kidogo, akasema, "Mwenye nyama hii hakuchomolewa mara mbili. Usiimalize." Saa saba tulikula katika chumba kidogo kilichokuwa stoo ya mashuka, kwa sababu maabarani hairuhusiwi kula. Yeye alileta ndizi na maharage kwenye hotipoti ya bluu, akanipakulia kwanza mimi, na hakuna siku aliyoniuliza kama nina njaa.

Utafiti tuliokuwa tukiufanya ulikuwa wa Daktari Kulwa, mtaalamu wa magonjwa, mtu mrefu mwenye sauti ya chini aliyezaliwa upande wa Magu. Kanda yetu ina wagonjwa wengi wa saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, na wengi wao hufika hospitali wakiwa hawamezi hata uji. Daktari alikuwa ameona jambo kwenye hadubini lililomnyima raha. Katika vipande vya wagonjwa wengine, pembeni mwa saratani zilikuwepo chembe nyingi za kinga, zile chembe nyeupe za damu ambazo mwili huzituma penye hatari. Katika vipande vya wengine hapakuwa na kitu, saratani ilikuwa imetanda kama hakuna mwenye nyumba. Alitaka kujua tofauti hiyo inatoka wapi, na kama waliojaa chembe hizo wanaishi zaidi. "Tukijua nani mwili wake bado unapigana," alituambia, "siku moja tutajua pa kuusaidia." Aliposema siku moja alimaanisha miaka, labda ishirini, labda zaidi. Mgonjwa aliyetoa kipande hakutarajiwa kupata chochote, na fomu ya ridhaa ilisema hivyo waziwazi katika aya ya tatu. Muuguzi aliyekuwa akiwasomea wagonjwa fomu hiyo alikwenda likizo ya uzazi, nikapewa kazi yake juu ya yangu. Wagonjwa walikuwa wanakataa. Wengi walikuwa na maswali yale yale ya jirani yangu wa Mirongo, na mimi sikujua Kisukuma. Kila Ijumaa Daktari alitazama orodha ya walioridhia, akaguna, akaondoka. Hakuwahi kunilaumu. Mguno ule ulinitosha.

Ndipo akaja Mama Kabula. Alikuwa na mgahawa pale Usagara, kwenye njia panda ambapo mabasi ya Geita na Bukoba yanaachana na ya Shinyanga, na wasafiri wengi walimfahamu kwa mchuzi wake wa sato. Alikuwa mwanamke mnene ambaye unene ulikuwa umeanza kumhama. Gauni lilimpwaya mabegani. Alikuja na bintiye Kabula, rika langu kabisa, aliyeshika mkoba wa mama yake kwa mikono miwili. "Shikamoo mama," nilisema. "Marahaba mwanangu. Mimi napika siku nzima, naonja, natema," akasema, kama mtu anayejitambulisha kwa jina. Nikaanza kumsomea fomu. Nilipofika mahali panaposema tutatoa kipande cha uvimbe ili tuchunguze kinga ya mwili, akanikatiza. "Mnautoa?" Nikasema, "Tunatoa kipande." "Basi toeni. Hata leo toeni." Akamgeukia bintiye, akasema jambo kwa Kisukuma, na Kabula akafumba macho, akashusha pumzi. Sikuhitaji mkalimani. Nilielewa kwamba wameelewa kuwa tunauondoa ugonjwa. Aya ya tatu ilikuwa chini ya kidole changu. Nilimwangalia yule mama aliyekuwa ameanza kutabasamu, nikafikiria orodha, nikafikiria Ijumaa, nikamfungulia wino atie dole gumba. Kila ninapoikumbuka dakika ile, nashindwa kujificha nyuma ya lugha. Sikusema uongo, ni kweli. Niliona mtu anaingia mlango usio wake, nikamshikia mlango.

Siku ya kipimo, daktari wa mpira wa kamera alichukua kipande chetu, na kwa huruma yake akapanua kidogo ile njia iliyobana. Ni jambo la kawaida, mgonjwa hupata nafuu ya wiki chache. Mama Kabula aliandikiwa rufaa ya kwenda Dar es Salaam kupata mionzi, maana enzi zile mionzi haikuwepo Mwanza. Nikadhani yameisha. Kipande chake kikafika mezani kwangu, na hicho ndicho cha kwanza nilichokikata bila kukichana. Daktari Kulwa alipokiweka kwenye hadubini akatuita wote. Kwenye rangi ya waridi na zambarau, kando ya saratani, palijaa vidoa vidogo vya duara, karibu vyeusi, vimesongamana hata huwezi kuvihesabu. "Tazameni hii," alisema kwa sauti ile ile ya chini, lakini miwani ilikuwa imempanda kwenye paji la uso na hakuikumbuka. "Mwili wa mama huyu haujalala." Siku ile alitununulia soda. Mama Leokadia alinishika bega. Nilifurahi sana, na nataka niseme hivyo bila kujitetea: nilifurahi mchana mzima.

Miezi miwili baadaye nilipata ruhusa ya kwenda nyumbani kwenye kipaimara cha mdogo wangu. Basi liliposimama Usagara nilishuka kunyoosha miguu, na kabla sijavuka barabara nikasikia naitwa. Mama Kabula alikuwa amesimama mlangoni kwake, kanga kiunoni, mwiko mkononi. Alinivuta ndani, akanikalisha kwenye benchi karibu na dirisha, akawaambia wateja, "Huyu ndiye binti wa hospitali. Hawa ndio walionitoa uvimbe." Dereva mmoja wa lori akanyanyua mkono kunisalimu. Niliwekewa sahani: ugali wa muhogo, sato mzima mwenye mchuzi wa nyanya, mlenda pembeni. Mama akakaa mbele yangu kunitazama nikila. "Sasa nameza uji mzito," alisema. "Juzi nimemeza kiazi kilichopondwa. Hawa wa kliniki wananiambia niende Dar, nikawaambia, kwenda kufanya nini, si mmeshanitoa?" Tonge lilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuliweka chini. Nikalimeza, nikasema chakula kitamu sana mama, na basi likapiga honi, nikaagwa na mfuko wa viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, michembe, nipeleke kwa mama yangu. Kipaimarani watu waliila wakaisifu. Mimi nilisema tumbo linauma.

Ningependa kusema kwamba niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari. Sikwenda. Zilipita siku tisa, nilizihesabu. Siku ya kumi nilikuwa naosha vioo kwenye sinki lililo jirani na ofisi yake, mlango ukiwa wazi, nikamsikia akizungumza na daktari wa upasuaji. "Yule mama wa Usagara amefikia wapi?" "Amekataa Dar. Anasema ameshapona. Nimemweleza mara mbili, ananicheka." "Amepoteza muda gani?" "Miezi miwili na zaidi. Akichelewa tena, hata mionzi haitamsaidia." Daktari Kulwa akasema, "Sijui watu wetu hizi habari wanazitoa wapi." Hakukuwa na kejeli kwenye sauti yake. Alikuwa anauliza kweli. Maji yaliendelea kutiririka juu ya vioo vilivyokuwa vimeshatakata.

Saa saba, katika ile stoo ya mashuka, nilimwambia Mama Leokadia. Nilimwambia yote, mpaka sato na michembe. Aliendelea kupakua ndizi. Nilipomaliza akaniuliza, "Umemwambia Daktari?" Nikasema bado. "Unangoja nini?" "Nitafukuzwa." Akafunika hotipoti. "Inawezekana," alisema. "Lakini wewe ukifukuzwa utapata kazi nyingine. Yule mama ana umio mmoja." Halafu akanisogezea sahani. "Kula. Huwezi kusema maneno mazito na tumbo tupu, utalia na watu watakuhurumia, na leo si siku yako ya kuhurumiwa." Nikala. Tulipomaliza akaosha vyombo vyote viwili, akajifuta mikono, akatangulia mbele yangu kwenye korido mpaka mlango wa Daktari Kulwa, akagonga yeye, akaniacha niingie peke yangu.

Daktari alinisikiliza bila kunikatiza. Alivua miwani, akaiweka juu ya makaratasi, na bila miwani alionekana mzee kuliko nilivyomdhania. "Ulijua wakati ule ule?" aliuliza. "Ndiyo, Daktari." "Kwa nini hukumrudisha nyuma?" Nikasema orodha ilikuwa fupi. Akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mimi nilikuwa naguna kila Ijumaa." Akaniambia kwamba kuanzia saa ile kipande cha Mama Kabula kinatoka kwenye utafiti, kile kipande kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, na hakitarudi mpaka mwenyewe aridhie akiwa anajua. Ataiandikia kamati ya maadili, na jina langu litakuwemo, na lake pia. Mimi sitasoma fomu kwa mgonjwa tena mpaka nifundishwe upya. "Hayo ni ya hapa," alisema. "La kwanza ni la Usagara. Nenda ukamwambie. Na umpelekee barua hii ya Dar, nimepiga simu, watampokea." Alikuwa anaandika huku akiongea.

Kesho yake tulikwenda, mimi na Mama Leokadia, ambaye baada ya miaka mingi Mwanza alizungumza Kisukuma kama mzaliwa. Nilidhani amekuja kunisaidia kusema. Tuliposhuka tu akaniambia, "Mimi nitatafsiri. Kusema utasema wewe." Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha, majiko yanapoa, Kabula anafuta meza. Mama Kabula alikuwa amelala kwenye mkeka chumba cha nyuma, kati ya magunia ya mkaa na madebe ya mafuta. Uji mzito ulikuwa umeshakataa tena. Alipoketi niliona mifupa ya shingo. Nikasema. Nilisema kwamba hatukuutoa uvimbe. Tulichukua kipande kidogo cha kutazama. Nafuu aliyoipata ilitokana na njia kupanuliwa, nayo inakwisha. Ugonjwa upo palepale. Nikasema siku ile aliponiuliza niliona hajaelewa, na nikanyamaza kwa sababu nilihitaji jina lake. Mama Leokadia alitafsiri sentensi kwa sentensi, bila kulainisha, na nilitambua hivyo kwa jinsi uso wa Kabula ulivyokuwa ukibadilika mlangoni.

Mama Kabula akaacha Kisukuma, akaniuliza mwenyewe kwa Kiswahili, "Ulijua siku ile?" "Nilijua, mama." "Na siku uliyokula hapa?" "Nilijua." Kabula akasema, "Ulikula chakula chetu." Alilisema kwa utulivu, na sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo. Nikapiga magoti kuomba msamaha, na Mama Kabula akanipungia mkono kama mtu anayefukuza inzi. "Inuka. Hayo baadaye. Hiyo Dar bado ipo?" Nikamkabidhi barua. Akampa Kabula aisome kwa sauti, akamwambia aisome tena, kisha akaanza kupanga: nani atasimamia jiko, nani atalisha kuku, Kabula amsindikize au shangazi. Alipanga kama anapanga sherehe. Hatukuulizwa tena kitu. Mama Leokadia aliaga kwa niaba yetu wawili, tukatoka. Kituoni nikaanza kulia, na yeye akasimama kando yangu akitazama barabara ya Misungwi mpaka nilipomaliza, akanipa leso. Hakuniambia kwamba nimefanya vizuri. Namshukuru kwa hilo mpaka leo, maana ningelikumbatia neno hilo na kusahau mengine yote.

Mama Kabula alikaa Dar wiki kadhaa. Mionzi haikumponya, na madaktari hawakuwa wamemwahidi hivyo, ila ilimrudishia koo. Alirudi mwembamba, ngozi ya kifua imekuwa nyeusi kama iliyopita karibu na moto, lakini alikuwa anameza wali laini na mchuzi. Angekwenda miezi miwili mapema angepata nini zaidi? Nilimuuliza Daktari Kulwa swali hilo mara moja, miaka mingi baadaye, akiwa amestaafu. Alinijibu kwamba hajui, na kwamba mtu akiniambia anajua, nisimwamini, akisema miezi ile ingemfaa au akisema isingemfaa. Nimelazimika kuishi na jibu hilo.

Asubuhi moja, tukiwa tumeanza kuyeyusha nta, mlango wa maabara ukafunguliwa na Mama Kabula akaingia, Kabula nyuma yake. Wagonjwa hawaingii kule. Akasema, "Nataka kuona hicho mlichonitoa." Mama Leokadia akamletea kiti, mimi nikaenda kumwita Daktari. Daktari akamsalimu kwa Kisukuma, wakaulizana habari za mvua na ng'ombe kama inavyopasa, kisha mwenyewe akakitafuta kile kioo, akakiweka kwenye hadubini, akamwelekeza namna ya kusogeza jicho. Mwanzoni hakuona kitu ila kope zake. Kisha akatulia. "Hii nyekundunyekundu?" "Hiyo ndiyo saratani, mama." "Na hizi mbegu nyeusi?" Daktari akamweleza kwamba hizo ni chembe za kinga, askari wa mwili wake. Mama Kabula akatikisa kichwa bila kuondoa jicho. "Askari wanakaa mbali," alisema. "Ukiwaita wanafika kesho. Hawa ni majirani. Wamesikia mwano." Daktari alitabasamu. Kwa Wasukuma mwano ni yowe la hatari, na anayelisikia hana ruhusa ya kubaki kitandani. "Wamekuja wengi," Mama Kabula akasema. "Wengi sana," Daktari akajibu. "Hawakuweza tu." "Walikuja," alisema. Alitazama mpaka nikadhani amesinzia, kisha akamwita Kabula naye aangalie, na Kabula akainama, akakaa pale hata zaidi ya mama yake, na alipoinuka alikuwa anajifuta macho kwa kiganja.

Mama Kabula akaomba karatasi. Daktari akamwambia kwamba si lazima, kwamba akikataa tutakihifadhi kipande chake au kukizika, vyovyote apendavyo, na matibabu yake yataendelea vilevile. "Nimesikia. Huyu anisomee," akasema, akanionyesha kwa kidevu. Nikasema siruhusiwi. Daktari akasema leo anaruhusu, yeye akiwa amesimama hapohapo. Nikasoma. Mama Leokadia alisimamisha mashine. Nilipofika aya ya tatu, inayosema kwamba mshiriki hatapata faida yoyote ya matibabu, Mama Kabula akainua mkono. "Hapo. Rudia." Nikarudia. "Sema kwa maneno yako." Nikasema, "Mama, hiki kipande hakitakusaidia wewe. Labda kitamsaidia mtu mwingine, na hatujui nani, na hatujui lini." Akafikiri. "Hata huyu?" akauliza, akimgusa Kabula. "Hatujui, mama." Akanyoosha dole gumba.

Aliishi mpaka masika yalipokwisha. Kabula hakunipigia mimi simu, alimpigia Mama Leokadia, na Mama Leokadia hakuniuliza kama nitakwenda, aliniambia tu tukutane saa ngapi. Msiba ulikuwa kijijini kwao, nyuma ya Usagara, watu wengi, madereva wa malori wakiwa wamekaa kwenye magogo na kofia mikononi. Nilikaa mwisho kabisa, karibu na zizi, mahali ambapo mtu anaweza kuondoka bila kuonekana. Sikumlia kwa sauti, niliona sina haki hiyo. Wanawake walikuwa wanapika upande wa pili wa nyumba, na moshi ulitujia. Kabula alipita mara mbili akiwa na ndoo, bila kunitazama. Mara ya tatu alikuja na sinia kubwa la mchele na kigoda, akaviweka mbele yangu. Macho yalikuwa yamemvimba. "Huu una mawe mengi," alisema. "Njoo ukae kule na wenzako, uuchague vizuri." Nikainuka, nikabeba sinia, nikamfuata.